Uzito wa Maji ya Kivu: Historia ya Kupanga na Kutumia Tena Funksheni za Hisabati katika Vifurushi vya Programu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna wanahisabati na wanasayansi walivyopanga funksheni za programu ili zitumike tena na watu wengine, tangu maktaba ya kanda za karatasi ya mwaka 1949 hadi vifurushi vya lugha za Mathematica, MATLAB na R. Historia hiyo inasomwa kwa jicho la mahali pamoja: mwambao wa Nyamyumba, wilayani Rubavu, ambako gesi ya methani ya Ziwa Kivu imekuwa ikitumika tangu mwaka 1963. Usalama wa ziwa hilo unategemea densiti ya maji yake, na densiti hiyo siku hizi hukokotolewa na funksheni iliyomo ndani ya programu. Makala yanadai kwamba swali la funksheni hiyo inakaa wapi, inaitwaje, na nani anayeitunza si la mafundi wa kompyuta pekee. Ni swali la sera ya umma kwa nchi mbili zinazogawana ziwa. Mwishoni panatolewa mapendekezo manne kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Tarafa ya Nyamyumba iko kusini mwa mji wa Gisenyi, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu. Wageni huijua kwa chemchemi zake za maji moto na kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Kwa watafiti wa nishati, mahali hapa pana umaarufu mwingine. Mwaka 1963, katika rasi ya Rubona, ulijengwa mtambo wa kwanza wa kuvuta methani kutoka kilindini mwa ziwa, na gesi hiyo ikatumika kuwashia matanuri ya kiwanda cha bia. Tangu hapo mwambao huu umekuwa uwanja wa majaribio ya jambo ambalo halina mfano mwingine wa kiwango hicho duniani: kuchimba gesi iliyoyeyuka ndani ya maji ya ziwa lililo hai, lenye wavuvi, feri na watu wapatao milioni mbili kwenye kingo zake.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Kilindini mwake mmeyeyuka methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, na hewa ukaa kilomita za ujazo 300, kwa kipimo cha gesi ikiwa juu ya nchi kavu. Gesi hiyo haitoki kwa sababu maji yaliyoibeba ni mazito kuliko maji yaliyo juu yake. Uzito huo ndio kifuniko. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifunguka, na hewa ukaa iliyotoka iliua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos. Ndiyo maana kila mjadala kuhusu mitambo ya gesi, iwe ule wa KivuWatt wa megawati 26 uliozinduliwa karibu na Kibuye mwaka 2016, au ule wa Shema Power wa wilayani Rubavu, huanzia na kuishia kwenye uzito wa maji.

Uzito huo haupimwi moja kwa moja kila siku. Vyombo hushushwa majini kupima joto, upitishaji wa umeme na gesi. Kisha kompyuta hukokotoa densiti, yaani kilo ngapi za maji zimo katika mita moja ya ujazo. Hapo ndipo makala haya yanapoingilia. Kati ya kipimo na uamuzi wa serikali kuna mistari michache ya msimbo. Historia ya namna mistari kama hiyo inavyotungwa, kuhifadhiwa, kunakiliwa na kuazimwa haijaandikwa vya kutosha katika lugha zetu, ingawa matokeo yake yanatugusa.

2.0 Istilahi

Katika makala haya, funksheni ni kipande cha msimbo chenye jina, kinachopokea thamani fulani na kurudisha jibu. Maktaba ni mkusanyiko wa funksheni zinazohifadhiwa kwa ajili ya programu nyingi. Kifurushi ni maktaba iliyofungwa pamoja na maelezo yake, majaribio yake na orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Nafasi ya majina ni uzio unaozuia jina lililomo katika kifurushi kimoja lisigongane na jina kama hilo katika kifurushi kingine. Chaguo-msingi ni thamani ambayo funksheni huitumia pale mtumiaji asipoitaja yake. Istilahi hii ya mwisho itatuhusu sana, kwa kuwa makosa mengi ya utumiaji upya wa funksheni yamejificha humo.

3.0 Hesabu Inayobeba Ziwa

Kabla ya kuingia katika historia, tuitazame funksheni yenyewe. Katika tafiti za Martin Schmid na wenzake wa taasisi ya Eawag ya Uswisi, zilizochapishwa miaka ya 2000, densiti ya maji ya Kivu ilielezwa kwa kanuni fupi:

densiti = D(T) × (1 + 0.00075 S + 0.000284 C − 0.00125 M)

D(T) ni densiti ya maji yasiyo na chumvi katika joto T. S ni chumvi, C ni hewa ukaa na M ni methani, zote kwa gramu katika kila kilo ya maji. Alama ya kutoa mbele ya methani ina maana kubwa: hewa ukaa iliyoyeyuka huongeza uzito wa maji, ilhali methani huupunguza.

Tuchukue thamani za kukadiria. Maji ya juu yana joto la nyuzi 24 na chumvi ya gramu 1.1. Maji ya chini kabisa yana joto la nyuzi 26, chumvi ya gramu 6, hewa ukaa ya gramu 4.4 na methani ya gramu 0.3. Tukiacha athari ya mgandamizo, joto peke yake linayafanya maji ya chini kuwa mepesi kuliko ya juu kwa nusu kilo katika kila mita ya ujazo. Chumvi inayaongezea kilo 3.7. Hewa ukaa inayaongezea kilo 1.2. Methani inayapunguzia kilo 0.4. Jumla yake ni kwamba maji ya chini yanayazidi maji ya juu kwa takriban kilo 4 katika kila mita ya ujazo. Kilo nne kati ya takriban elfu moja ndizo zinazolizuia ziwa lisipinduke.

Sasa tudhani kwamba mtafiti ameazima funksheni ya densiti kutoka kifurushi kilichoandikwa kwa ajili ya maziwa ya maji baridi ya Ulaya au Marekani. Funksheni hiyo inajua joto tu. Itamwambia kwamba maji ya chini ni mepesi kuliko ya juu, na ziwa lake la kompyuta litapinduka mara moja. Kosa hilo huonekana upesi. La hatari zaidi ni lile lisiloonekana: funksheni inayojua joto na chumvi lakini haijui gesi. Hiyo itatoa tofauti ya kilo 3.2 badala ya 4. Mchoro utapendeza, ziwa halitapinduka, na hakuna atakayeshtuka. Hata hivyo, swali la kwamba kuondoa hewa ukaa kunadhoofisha kifuniko halitaweza hata kuulizwa, kwa sababu hewa ukaa haimo katika hesabu.

Swali hilo si la kinadharia. Mtambo wa gesi huvuta maji ya kilindini, huyatoa methani, hupoteza pia sehemu ya hewa ukaa, kisha huyarudisha ziwani. Kila gramu ya hewa ukaa inayopotea katika kilo ya maji huyapunguzia maji hayo uzito wa takriban kilo 0.28 kwa mita ya ujazo. Maji yaliyorudishwa yatatulia pale uzito wake unapolingana na wa jirani zake, na kina hicho hutabiriwa kwa funksheni hii hii.

4.0 Kutoka Kanda za Karatasi hadi Moduli

Wazo la kutumia tena funksheni lina umri sawa na kompyuta zenyewe. Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Muda mfupi baadaye, Maurice Wilkes na wenzake walitambua kwamba kila mtumiaji alikuwa akiandika upya hesabu zilezile, tena kwa makosa mapya. David Wheeler akabuni njia ya kuiwezesha programu kurukia programu ndogo na kurudi ilikotoka. Programu ndogo hizo zilihifadhiwa katika kanda za karatasi zilizotobolewa. Mtumiaji alizitoa kabatini na kuzinakili katika kanda yake. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kilichoeleza maktaba hiyo, nacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha kiada cha uandishi wa programu. Tangu mwanzo, basi, maktaba na maelezo yake vilikwenda pamoja.

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, iliwapa wanasayansi uwezo wa kuandika fomula karibu kama wanavyoziandika kwa mkono. Toleo lake la pili, la mwaka 1958, liliruhusu programu ndogo kutafsiriwa kila moja peke yake, kisha kuunganishwa. Hatua hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa maktaba kubwa za hisabati. Mwaka 1979 zilichapishwa kanuni za BLAS kwa ajili ya hesabu za msingi za vekta, pamoja na maktaba ya LINPACK iliyozitumia. Mwaka 1992 ikafuata LAPACK. Utaratibu wa BLAS una funzo la kudumu: waandishi walikubaliana kwanza juu ya jina na umbo la kila funksheni, ndipo kila mtengenezaji wa kompyuta akapewa uhuru wa kuiandika kwa njia iliyo ya haraka zaidi kwenye mashine yake. Makubaliano yalikuwa juu ya mlango. Ndani ya nyumba kila mtu alijipangia.

Hata hivyo, Fortran ya enzi hizo ilikuwa na udhaifu mkubwa. Katika kiwango cha mwaka 1977 jina lilipaswa kuwa na herufi zisizozidi sita, na majina yote ya programu ndogo yalikuwa katika uwanja mmoja. Maktaba mbili zenye funksheni ya jina moja hazikuweza kuishi katika programu moja bila ugomvi. Matokeo yake ni majina yasiyosomeka, na kwa wengi, njia rahisi ya kukwepa tatizo: kunakili msimbo wa mwenzako ndani ya faili lako, kubadili jina, na kuendelea. Kwa njia hiyo fomula moja ilizaa watoto kumi, kila mmoja na vigawo vyake, na hakuna aliyejua yupi ni mzazi. Fortran ya mwaka 1990 ilileta moduli, ambazo humruhusu mwandishi kutangaza kipi ni cha umma na kipi ni cha faragha, na humruhusu mtumiaji kutaja majina anayoyahitaji pekee.

5.0 Enzi ya Vifurushi

Lugha zilizotungwa mahususi kwa hisabati zilikabili tatizo hilohilo kwa njia tofauti, na tofauti hizo bado zinaonekana katika kazi za kila siku.

MATLAB ya awali ya Cleve Moler haikumruhusu mtumiaji wa kawaida kuongeza funksheni zake. Toleo la kibiashara la mwaka 1984 lilibadilisha hali hiyo: kila funksheni ikawa faili, na mafaili yakakusanywa katika visanduku vya zana. Urahisi huo uliifanya MATLAB ipendwe sana na wataalamu wa bahari na maziwa. Gharama yake ilikuwa kwamba mpangilio wa saraka ndio ulioamua funksheni ipi itumike. Mafaili mawili yenye jina moja yakiwepo, lile la saraka inayotangulia hushinda. Watafiti wawili wenye msimbo uleule, lakini saraka zilizopangwa tofauti, wangeweza kupata majibu mawili.

Mathematica, iliyotolewa tarehe 23 Juni 1988, ililiwekea jambo hili utaratibu ulio wazi zaidi. Kila jina lina muktadha, yaani ukoo wake. Mwandishi wa kifurushi huanza kwa kutaja muktadha wa kifurushi chake na vifurushi vingine anavyovihitaji. Hutangaza majina ya umma pamoja na maelezo yake. Kisha huingia katika sehemu ya faragha ambako huandika mwili wa funksheni. Funksheni moja ikihitajika katika vifurushi vitatu, haiandikwi mara tatu. Huwekwa katika kifurushi cha chini, na vile vitatu huiagiza kutoka huko. Jina likigongana na jingine, lugha hutoa onyo. Kwa hiyo swali ambalo kila mwandishi wa vifurushi hukutana nalo, la wapi aiweke funksheni inayohitajika kila mahali, lina jibu la kimuundo: chini kabisa, mahali ambapo haitegemei yeyote na wote wanaweza kuitegemea.

Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ilifuata njia ya ghala la pamoja. Ghala la CRAN lilianza mwaka 1997. Nafasi za majina zililetwa katika toleo la 1.7.0 la mwaka 2003, na kuanzia toleo la 2.14.0 la mwaka 2011 kila kifurushi kililazimika kuwa nayo. R inatoa mfano unaowahusu moja kwa moja watafiti wa maziwa. Neno la Kiingereza la densiti, density, tayari ni jina la funksheni ya takwimu ndani ya R, nayo hukadiria mtawanyiko wa data; haihusiani kabisa na uzito wa maji. Mtafiti anayeipa funksheni yake ya maji jina hilohilo anaifunika ile ya takwimu, na msimbo wa mwenzake aliyetarajia takwimu utaletewa maji.

Mfano wa pili ni wa chaguo-msingi. Kifurushi cha rLakeAnalyzer, kinachotumiwa sana na wataalamu wa maziwa, kina funksheni ya water.density ambayo huihesabu chumvi kuwa sifuri pale mtumiaji asipoitaja. Kifurushi cha marelac, kilichoandikwa na wataalamu wa bahari, kina funksheni ya sw_dens ambayo huanza na chumvi ya 35, yaani ile ya bahari kuu. Zote mbili ni sahihi nyumbani kwao. Kivu haliko katika nyumba yoyote kati ya hizo: chumvi yake ni kati ya 1 na 6, tena si chumvi ya bahari bali kwa sehemu kubwa ni bikaboneti za magnesi na sodi, na juu ya hiyo kuna gesi ambazo hakuna funksheni kati ya hizo mbili inayoziuliza. Mtafiti anayeazima bila kusoma maelezo amekubali, bila kujua, maoni ya mtu mwingine kuhusu ziwa jingine.

6.0 Programu Zilizoandikwa kwa Ajili ya Kivu

Upimaji wa Kivu ulianza muda mrefu kabla ya kompyuta. Mbelgiji Hubert Damas alichunguza tabaka za ziwa katika miaka ya 1935 na 1936. Safari za taasisi ya Woods Hole mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi ya Klaus Tietze katikati ya muongo huo, ziliongeza vipimo vya gesi vilivyotegemewa kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilifikia mkataba wa kuchimba gesi kwa pamoja. Vipimo, kwa hiyo, vilikuwa vya kimataifa. Hesabu ilibaki katika madaftari na tasnifu za mtu mmoja mmoja.

Programu zilizokuja kutumika baadaye zilitungwa nje ya eneo letu. AQUASIM ya Peter Reichert, iliyoelezwa mwaka 1994, ilitumika kwa mizunguko ya virutubisho na gesi. Simstrat, iliyochapishwa mwaka 2002 na Goudsmit na wenzake, ilitungwa kwa Fortran ili kuiga joto na mchanganyiko wa maji katika maziwa. Miaka ya baadaye msimbo wake ulipangwa upya kwa mtindo wa Fortran ya mwaka 2003, sehemu zake zikatenganishwa, na ukawekwa wazi kwa umma. Upangaji huo uliwezesha jambo ambalo lingekuwa gumu katika msimbo wa zamani: kuiunganisha Simstrat na maktaba nyingine iitwayo AED2, inayoshughulikia kemia na viumbe vya majini. Katika utafiti wao wa mwaka 2022 kuhusu chanzo cha tabaka za Kivu, Bärenbold, Kipfer na Schmid walitumia muunganiko wa aina hiyo ili gesi zilizoyeyuka ziingie katika hesabu ya densiti.

Ushahidi wa namna funksheni moja inavyoweza kuamua matumizi ya programu nzima upo katika kazi ya Wim Thiery na wenzake ya mwaka 2014. Walilinganisha programu saba za maziwa juu ya Kivu, wakitumia zaidi ya vipimo 150 vya joto vilivyokusanywa tangu mwaka 2002. Walilazimika kufanya majaribio ya aina mbili: moja kwa mita 60 za juu tu, ambako maji hayana chumvi nyingi, na jingine kwa kina cha mita 240. Sababu ilikuwa wazi: baadhi ya programu hazikuhesabu kabisa athari ya chumvi. Programu zote saba ziliiga vyema majira ya kuchanganyika kwa maji ya juu. Ni chache tu zilizoweza kushuka chini. Hapa mstari mmoja wa msimbo ulikuwa mpaka kati ya programu inayofaa kwa hali ya hewa na programu inayofaa kwa usalama wa ziwa.

7.0 Dau la Kisera

Washauri wa sera wana haki ya kuuliza: kama programu zipo na wataalamu wapo, tatizo liko wapi? Historia ya vipimo vya methani inatoa jibu. Mwaka 2005 Schmid na wenzake waliripoti kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 katika miaka 30. Taarifa hiyo iliathiri mijadala ya nishati na ya usalama kwa muda mrefu. Mwaka 2018 timu kadhaa, wakiwemo watafiti wa Rwanda, zilipima ziwa kwa pamoja kwa mbinu tofauti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba gesi iko karibu na hali tulivu, na kwamba hakuna dalili ya hatari inayoongezeka. Utulivu huo ulipatikana kwa kuweka mbinu meza moja na kuzilinganisha.

Kazi kama hiyo inahitajika kwa upande wa msimbo. Mpango wa Ufuatiliaji wa Ziwa Kivu, ulio chini ya Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda, kampuni zenye leseni, wanavolkano wa Goma na vyuo vikuu vya nje, kila mmoja hukokotoa densiti. Iwapo kila mmoja ana nakala yake ya funksheni, tofauti kati ya ripoti mbili inaweza kutokana na ziwa au kutokana na nakala, na msomaji wa ripoti hana njia ya kutofautisha. Mwongozo wa mwaka 2009 wa usimamizi wa rasilimali ya gesi ya Kivu, uliotayarishwa na kundi la wataalamu kwa ajili ya nchi zote mbili, uliweka masharti ya kulinda tabaka za densiti. Sharti la namna hiyo haliwezi kusimamiwa kwa usawa ikiwa densiti yenyewe haina tafsiri moja katika msimbo.

Pingamizi moja linastahili kuzingatiwa. Funksheni moja inayotumiwa na wote, ikiwa na kosa, hueneza kosa kwa wote kwa siku moja. Je, si salama zaidi kila kundi kuwa na yake? Hoja hii ina nguvu pale makundi yanapoandika funksheni zao kwa kujitegemea kweli, kila moja likianzia kwenye vipimo. Lakini nakala ya nakala si ushahidi wa pili. Makundi matatu yaliyonakili vigawo kutoka tasnifu moja yakikubaliana, yamekubaliana na tasnifu hiyo tu. Uhuru wa kweli unapaswa kulindwa katika upimaji, kama ilivyofanyika mwaka 2018, na katika programu zilizotungwa kwa misingi tofauti, kama zile saba za mwaka 2014. Kwa fomula ambayo wote wamekwisha kukubaliana juu yake, nakala nyingi haziongezi usalama. Huongeza mahali pa kosa kujificha.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tangu kabati la kanda za Cambridge hadi vifurushi vya leo, kila kizazi cha waandishi wa programu za hisabati kimefikia uamuzi uleule baada ya kuumia: funksheni inayohitajika na wengi iandikwe mara moja, iwekwe mahali panapojulikana, ipewe jina lisilogongana, na ifuatane na maelezo yake. Kwa misingi hiyo makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, funksheni ya densiti ya Kivu iwekwe katika kifurushi kidogo kinachojitegemea, kisichobeba kitu kingine, ili programu za lugha mbalimbali ziweze kukiagiza. Kwa mfano wa BLAS, makubaliano yawe juu ya jina, vipimo na mpangilio wa thamani zinazoingia. Mwili unaweza kuandikwa kwa Fortran, R au Mathematica.

Pili, funksheni hiyo isiwe na chaguo-msingi la chumvi wala la gesi. Mtumiaji asiyetaja hewa ukaa akataliwe kwa ujumbe ulio wazi, asipewe sifuri ya kimyakimya. Mahali ambapo maisha yanategemea jibu, kukataa kujibu ni bora kuliko kubahatisha.

Tatu, kifurushi kiambatane na majaribio yanayotokana na vipimo vya ziwa lenyewe, na kila ripoti inayopelekwa serikalini itaje toleo la kifurushi lililotumika, kama inavyotaja tarehe ya kipimo.

Nne, utunzaji wake ukabidhiwe taasisi zilizo kwenye ufuo, Rubavu na Goma, na maelezo yake yaandikwe pia kwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na ndicho wanachozungumza wafanyabiashara na wavuvi wanaovuka mpaka wa Gisenyi na Goma kila siku. Fundi wa Goma na fundi wa Rubavu wanapaswa kuweza kusoma sentensi ileile inayosema maji ya ziwa lao yana uzito gani, na kuijadili bila mkalimani.

Mtambo wa mwaka 1963 wa Rubona ulivuta gesi kidogo, na ziwa halikuhisi. Mitambo ya sasa ni mikubwa zaidi, na leseni zake ni za miongo. Uamuzi kuhusu kina cha kuvuta maji na kina cha kuyarudisha utaendelea kufanywa kwa hesabu ya kilo nne kati ya elfu moja. Ni haki ya wakazi wa Nyamyumba, na ya majirani zao wa ng'ambo, kwamba hesabu hiyo iwe moja, iwe wazi, na iwe na mtunzaji anayejulikana.